Seli Zilizokataa Kufa

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell, aliyejulikana kwa utafiti wake wa kwashiakoo, alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, aje amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya za mtoto zilikuwa zimevimba juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt, Mwailandi aliyepoteza jicho moja tangu utotoni, hakuwa amewahi kuona uvimbe ulioshika pembe zote nne za kinywa kwa wakati mmoja. Wiki chache baadaye alikwenda hospitali ya Jinja, akatupa jicho dirishani, akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Alipompima alikuta uvimbe mwingine tumboni. Mtoto mmoja angeweza kupita kama kioja cha wodini. Wawili walimlazimu Burkitt afungue mafaili.

Historia ya dawa zinazoilazimisha seli ya saratani ijimalize yenyewe husimuliwa mara nyingi kuanzia Melbourne, au kwenye maabara za kaskazini mwa Chicago. Mimi naianza Mulago. Sitafuti sifa ya bure kwa Afrika Mashariki. Ukiufuata ukoo wa dawa hizo kurudi nyuma, tawi lake moja kubwa linakufikisha kwenye taya za watoto wale.

Burkitt alichapisha habari za ugonjwa huo mwaka 1958 katika jarida la wapasuaji la Uingereza, na karibu hakuna aliyeshtuka. Akaendelea kutuma picha kwa hospitali za serikali na za misheni barani, akiuliza nani ameona uvimbe kama huu. Oktoba 1961, pamoja na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, aliingia kwenye gari aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250, wakashuka kusini kupitia Tanganyika na Nyasaland hadi Afrika Kusini. Safari ilichukua wiki kumi na maili zipatazo 10,000. Ramani waliyorudi nayo ilionyesha kwamba ugonjwa ulipenda nyanda za joto na mvua, na kuyakwepa maeneo ya baridi na miinuko mirefu, kama ilivyo malaria. Kabla ya safari hiyo, Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi kilichomo ndani yake, ambacho leo kinabeba majina ya Epstein na Barr.

Hadithi ya kirusi imesimuliwa sana. Iliyosimuliwa kidogo ni ile ya vioo vya darubini. Wataalamu wa tishu mjini Kampala walipokata kipande chembamba cha uvimbe na kukitia rangi, waliona uwanja mzima wa seli nyeusi zilizobanana, na katikati yake, huku na huku, seli kubwa nyeupe zenye vipande vipande tumboni. Mwonekano huo ukaitwa anga lenye nyota. Nyota hizo ni seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza taka za mwili, na vipande vilivyomo ndani yake ni mabaki ya seli za saratani zilizokufa. Yaani katika uvimbe unaoweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, miongoni mwa inayokua haraka kuliko yote kwa binadamu, seli zilikuwa zikifa kwa wingi bila kuguswa na dawa yoyote. Madaktari waliona jambo hilo kila siku wakalitumia kama alama ya kuutambua ugonjwa. Kwa nini seli hizo zilikuwa zinakufa, hakuna aliyeuliza kwa bidii.

Matibabu yenyewe yalizidisha fumbo. Upasuaji ulimharibu mtoto uso na uvimbe ukarudi. Mashine za mionzi Uganda haikuwa nazo, kwa hiyo zikabaki dawa. Joseph Burchenal wa New York alisaidia kuleta methotrekseti. Mjini Nairobi, daktari Peter Clifford naye alikuwa akiwatibu watoto wenye ugonjwa huohuo. Baadaye ikaja siklofosfamidi. Matokeo yalikuwa ya kushangaza. Uso uliokuwa umefura ulirudi kwenye umbo lake ndani ya siku chache, na wapo watoto waliopona kwa dozi moja au mbili tu. Wakati huo, kwa saratani nyingi, dawa zilikuwa zikiongeza miezi. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani vilianzisha kituo cha kutibu ugonjwa huo pale Mulago, ambacho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mkuu wake wa kwanza alikuwa John Ziegler, Mmarekani. Utawala wa Idi Amin ulipomfanya aondoke mwaka 1972, Charles Olweny, Mganda, akakishika kituo na kukiendesha katika miaka ambayo hata pamba na bomba za sindano zilikuwa za kutafuta.

Lakini kupona haraka namna hiyo kulikuwa na hatari yake. Mamilioni ya seli zikifa kwa mkupuo, potasiamu, fosfati na asidi ya yuriki zilizokuwa ndani yake humwagika kwenye damu. Figo huziba, moyo hupoteza mapigo yake, na mgonjwa anaweza kufa kwa sababu dawa imefanya kazi vizuri mno. Mwaka 1980 Ziegler na wenzake, sasa wakiwa Marekani, walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 37 wenye uvimbe wa Burkitt na hatari hiyo. Tutakutana nayo tena.

Mwaka uleule wa 1972 ambao Ziegler aliondoka Kampala, makala moja ilitokea katika Jarida la Saratani la Uingereza. Waandishi wake walikuwa watatu: John Kerr wa Brisbane, na Andrew Wyllie na Alastair Currie wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskochi. Chanzo chake kilikuwa ini la panya. Miaka ya mwanzo ya 1960, Kerr alipokuwa akisoma London, alifunga matawi ya mshipa unaopeleka damu kwenye ini ili aone tishu inavyokufa kwa kukosa damu. Aliona alichokitarajia: mabaka ya seli zilizovimba, zikapasuka, zikamwaga uchafu wao na kuwasha uvimbe pande zote. Ila pembezoni mwa mabaka hayo, kwenye tishu iliyosalia hai, aliona kitu kingine. Seli moja moja, tena iliyozungukwa na wenzake wazima, ilikuwa imesinyaa, ikajikunja kuwa kidonge cha mviringo, ikavunjika vipande vilivyofungwa vizuri kwenye utando, na jirani zake wakavimeza vipande hivyo. Hapakuwa na uchafu uliomwagika wala wekundu. Seli ilikuwa imeondoka kama mpangaji anayehama usiku akiwa amefagia chumba.

Mtafiti mwingine angeandika mstari mmoja kuhusu seli hizo na kurudi kwenye mabaka makubwa. Kerr alizing'ang'ania. Aliporudi Australia alizitazama kwa darubini ya elektroni, akazikuta pia kwenye saratani za ngozi, ambazo Queensland ina nyingi kwa jua lake. Huko Aberdeen, Currie na mwanafunzi wake Wyllie walikuwa wakiona jambo lilelile kwenye tezi za juu ya figo pale homoni inayozilisha inapokatwa. Kerr akaenda kwao mwaka 1971, na profesa wa Kigiriki wa chuo hicho, James Cormack, akawapa jina: apoptosi. Makala yao ilidai kwamba kifo cha namna hii ni kazi ya mwili, kinyume cha mgawanyiko wa seli, na kwamba ukubwa wa uvimbe unategemea mizani ya mambo hayo mawili. Na seli zilizomo ndani ya nyota za Kampala zilikuwa zimekufa kifo hichohicho.

Kwa karibu miaka 20 makala hiyo ilisomwa na wachache. Sababu si ngumu kuielewa. Ilikuwa makala ya picha na maelezo, na wanasayansi wa kizazi kile walitaka jeni. Umbo la seli inayokufa halikuwaambia nani ametoa amri.

Jeni zilipatikana kwa mnyoo. Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini, alimchagua Caenorhabditis elegans, mnyoo wa udongoni mwenye urefu wa milimita moja, kwa kuwa mwili wake ni mwangavu na unaweza kuziona seli zake zikigawanyika. Pale Cambridge, John Sulston alikaa kwenye darubini akizifuata seli hizo moja baada ya moja tangu yai hadi mnyoo mzima. Hesabu yake haibadiliki kati ya mnyoo na mnyoo. Seli 1,090 hutengenezwa, na 131 kati yake hufa, zilezile kila mara, kwa saa ileile. Hizo hazikupatwa na ajali. Zilizaliwa zikiwa na ratiba ya kufa. Mmarekani Robert Horvitz, aliyefanya kazi na Sulston kisha akarudi Massachusetts, alitafuta minyoo ambayo ratiba hiyo imeharibika. Mwaka 1986 yeye na Hilary Ellis walieleza jeni mbili, ced-3 na ced-4, ambazo zikiharibika seli zote 131 zinabaki hai. Kwa hiyo kifo kilikuwa na mitambo yake, na mitambo hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye urithi. Brenner, Sulston na Horvitz walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kerr hakupewa, na nadhani hilo ni deni.

Sasa turudi kwenye uvimbe wa Burkitt, kwa sababu ndio uliowafikisha watu wa Melbourne kwenye kifo. Katika seli zake, kipande cha kromosomu ya 8 mara nyingi kimekatika na kujiunga na kromosomu ya 14. Mwaka 1982 iligundulika kwamba kipande hicho kimebeba jeni iitwayo MYC, na mahali kilipotua ni jirani na jeni za kutengeneza kingamwili, ambazo kwenye seli za aina hiyo hufanya kazi mchana na usiku. MYC inapowekwa hapo haizimiki, na seli inagawanyika bila breki. Miongoni mwa walioufumbua mkasa huo walikuwa mke na mume, Suzanne Cory na Jerry Adams, wa Taasisi ya Walter na Eliza Hall mjini Melbourne. Waliendelea kwa kutengeneza panya wenye MYC ya namna hiyo, na panya hao wakapata saratani za damu.

Wakati huohuo mjini Philadelphia, Yoshihide Tsujimoto na Carlo Croce walikuwa wakichunguza saratani nyingine ya tezi, inayokua polepole, ambayo kromosomu zake za 14 na 18 zimebadilishana vipande. Jeni waliyoikuta mpakani wakaiita BCL-2. Kila mtu alidhani ni MYC nyingine, jeni ya kuharakisha. Pale Melbourne, David Vaux, mwanafunzi wa uzamivu katika maabara ya Cory na Adams, aliitia BCL-2 kwenye seli za damu zinazotegemea homoni fulani ili ziishi, kisha akaiondoa homoni hiyo. Kwa kawaida seli hizo hufa ndani ya siku chache. Zake hazikugawanyika, wala hazikufa. Zilikaa tu. Alipozirudishia homoni, zikaanza kugawanyika tena kana kwamba hakuna lililotokea.

Matokeo hayo, yaliyochapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 1988, yalipindua mawazo. Kumbe seli inaweza kuelekea kwenye saratani bila kuongeza mwendo hata kidogo, mradi ikatae kufa. Na MYC na BCL-2 zikikutana katika seli moja, ya kwanza ikisukuma na ya pili ikizuia kifo, balaa linakuwa kubwa zaidi. Hapo ndipo nyota za Kampala zilipoanza kueleweka. Wengine walionyesha mwaka 1992 kwamba MYC yenyewe, inapowashwa kupita kiasi, huisukuma seli kwenye apoptosi. Seli za Burkitt kwa kawaida hazina BCL-2 ya kuzikinga. Zinakimbia na kufa kwa pamoja, nazo zinakaa ukingoni. Sindano ndogo ya siklofosfamidi inatosha kuzidondosha. Bila shaka hayo si maelezo yote, lakini ni sehemu kubwa ya siri ya watoto waliopona kwa dozi moja. Hata kirusi cha Epstein na Barr kimebeba protini yake inayofanana na BCL-2, na baadhi ya uvimbe wa Burkitt huitumia.

Mwaka 1992 Vaux, akiwa Stanford, alifanya jaribio ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote katika historia hii. Pamoja na Irving Weissman na Stuart Kim aliitia BCL-2 ya binadamu ndani ya mnyoo wa Brenner. Seli zilizopangiwa kufa zikapona. Mnyoo na binadamu wameachana katika ukoo wa viumbe tangu mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, na bado protini ya mmoja iliielewa mitambo ya mwingine. Punde ikaonekana kwamba mnyoo ana jeni yake ya jamii ya BCL-2, na kwamba ced-3 ni ndugu wa vimeng'enya vya binadamu, kaspasi, ambavyo huikatakata seli kutoka ndani.

Picha ikakamilika taratibu. Protini mbili, BAX na BAK, hutoboa matundu kwenye ngozi ya mitokondria. Saitokromu c inavuja kupitia matundu hayo, kaspasi zinaamshwa, seli inasinyaa kama Kerr alivyoiona. BCL-2 huzishika BAX na BAK zisitoboe. Seli ikipata madhara, hutengeneza protini fupi za onyo ambazo huja kujibana kwenye mfereji ulio mgongoni mwa BCL-2 na kuiachisha ilichoshika. Kwa hiyo swali la dawa likawa wazi. Je, mtu anaweza kutengeneza kemikali ndogo itakayojibana kwenye mfereji uleule?

Makampuni mengi yalilikwepa. Mfereji huo ni mrefu na wa mafuta, nao wakemia wamezoea vishimo vidogo vyenye kina. Katika kampuni ya Abbott, kaskazini mwa Chicago, kundi la Stephen Fesik lilichora umbo la BCL-XL, ndugu wa BCL-2, mwaka 1996. Kisha likatumia mwangwi wa sumaku kutafuta vijikemikali dhaifu vinavyogusa sehemu moja ya mfereji, vingine vinavyogusa sehemu ya pili, na kuviunganisha. Mwaka 2005 ikatangazwa ABT-737. Iliua seli za saratani, lakini haikuweza kumezwa. Ikafuata navitoklaksi, ya kumeza, na hapo likazuka tatizo ambalo mwili ulikuwa umelificha: wagonjwa walipoteza chembe zinazogandisha damu. Watafiti wa Melbourne walikuwa tayari wameonyesha mwaka 2007 kwamba chembe hizo huishi kwa muda unaopimwa na BCL-XL. Dawa iliyoshika BCL-2 na BCL-XL kwa pamoja ilikuwa inafupisha maisha yake. Wakemia wakarudi kwenye umbo la protini, wakatafuta tofauti ndogo kati ya ndugu hao wawili, na mwaka 2013 wakaeleza ABT-199, inayoishika BCL-2 na kumwacha nduguye. Jina lake la dukani ni Venclexta au Venclyxto. La kitabibu ni venetoklaksi.

Wagonjwa wa kwanza waliimeza mjini Melbourne mwaka 2011, chini ya Andrew Roberts na John Seymour. Walikuwa na lukemia sugu ya limfu, ambayo seli zake zimejaa BCL-2. Na hapo ile hatari ya watoto wa Burkitt ikajitokeza tena. Tezi zilizovimba zilinywea ndani ya saa chache, damu ikajaa potasiamu na asidi ya yuriki. Kati ya wagonjwa 56 wa hatua ya kupandisha dozi, watatu walipata madhara hayo kwa dalili za wazi, na mmoja wao alifariki. Ratiba ikabadilishwa: miligramu 20 kwa siku wiki ya kwanza, kisha 50, 100, 200, na 400 wiki ya tano, pamoja na maji mengi na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Katika wagonjwa 60 waliofuata hakupatikana hata mmoja mwenye dalili hizo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: asilimia 79 ya wagonjwa, ambao ugonjwa wao ulikuwa umerudi au kukataa dawa nyingine, waliitikia, na asilimia 20 dalili za ugonjwa zilitoweka kabisa. Aprili mwaka huo Marekani ikaiidhinisha kwa wale waliopoteza kipande cha kromosomu ya 17 chenye jeni ya TP53. Hao ndio waliokuwa hawana matumaini, maana dawa za kawaida hutegemea TP53 ipige kengele ya kifo. Venetoklaksi haihitaji kengele, kwa kuwa inafanya kazi mbele yake.

Bei yake ilipotoka Marekani ilizidi dola 100,000 kwa mwaka. Mwaka 2017 taasisi ya Melbourne iliuza sehemu ya mapato yake ya baadaye kutokana na dawa hiyo kwa mfuko wa pensheni wa Kanada, kwa kiasi kinachoweza kufika dola milioni 325. Sioni ubaya taasisi ya utafiti kulipwa. Lakini ukoo wa dawa hii umeanzia kwa wazazi waliowabeba watoto wao hadi Mulago wakakubali vipande vya uvimbe vikatwe na kupelekwa ng'ambo, na katika mahesabu hayo ya mamilioni sijaona safu iliyoandikwa jina la hospitali yao.

Dawa imeendelea kusogea. Mwaka 2018 ilionekana kwamba wenye lukemia sugu wanaweza kuitumia pamoja na dawa ya rituksimabu kwa miaka miwili kisha wakaacha, jambo lisilo la kawaida kwa vidonge vya saratani vya kisasa. Mwaka 2020, kwa wazee wenye lukemia kali ya uboho wasioweza kustahimili matibabu mazito, kuiongeza kwenye dawa ya azasitidini kulisogeza wastani wa kuishi kutoka miezi 9.6 hadi 14.7. Miezi mitano ni kidogo kwa msomaji mzima wa afya. Kwa mgonjwa wa lukemia hiyo, ambaye kwa miaka mingi hakuwa na lolote jipya la kuahidiwa, ni mingi.

Saratani nayo haikukaa kimya. Mwaka 2019 watafiti, wa Melbourne tena, walieleza badiliko katika BCL-2, liitwalo G101V, linaloukunja mfereji kidogo tu, kiasi cha dawa kushindwa kushika vizuri huku protini ikiendelea na kazi yake. Seli nyingine hazijisumbui kubadilika. Zinahamia kwa ndugu wa tatu, MCL-1, na kumwachia yeye ulinzi. Makampuni kadhaa yametengeneza dawa za kumshika MCL-1. Ugumu ni kwamba misuli ya moyo pia inamtegemea ili isife, na majaribio kadhaa kwa wagonjwa yalisimamishwa vipimo vya moyo vilipoanza kutia shaka. Wakemia wanajaribu sasa kumshika kwa muda mfupi, saa chache kwa wiki, wakitumaini kwamba seli ya saratani itadondoka kabla moyo haujahisi.